Lloyd Mathews: Msimamizi wa hazina iliyojazwa na karafuu za Pemba

HISTORIA ya fedha za Zanzibar haiwezi kuelezwa bila kumtaja Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani kuanzia mwaka 1891 hadi alipofariki dunia mwaka 1901.

Alizaliwa Machi 7, 1850 katika kisiwa cha Madeira, na mwaka 1863 alijiunga na jeshi la majini la Uingereza. Alifika Zanzibar mwaka 1875 katika manowari London, iliyotumwa kuzuia biashara ya watumwa. Miaka miwili baadaye, Sultani Barghash alimkabidhi kazi ya kuunda jeshi jipya.

Pemba ilimfahamu mapema. Desemba 1881, Kapteni Brownrigg wa manowari hiyo aliuawa karibu na kisiwa hicho katika mapambano na jahazi la watumwa. Mathews alikwenda Pemba na askari wake, akamtia mbaroni nahodha wa jahazi hilo, Hindi bin Hattam.

Hata hivyo, alama yake kubwa ilikuwa katika hesabu. Hadi mwaka 1891, mfuko wa Sultani na hazina ya serikali vilikuwa kitu kimoja, na ilikuwa vigumu kutenganisha matumizi ya kasri na gharama za nchi.

Mwaka huo, Konseli Mkuu wa Uingereza, Gerald Portal, alibuni utaratibu mpya, na Oktoba Mathews akateuliwa kuusimamia. Sultani Ali bin Said alitengewa posho ya mwaka. Forodha, hazina, jeshi na idara nyingine zikapata wakuu wa kuwajibika. Fedha zilizokuwa zikipotea pasipo maelezo zikaanza kuonekana katika vitabu.

Februari 1, 1892, Zanzibar ilitangazwa bandari huru, hivyo kodi ya karafuu ikawa tegemeo kubwa zaidi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, lakini ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Robo ya karafuu hizo ilitozwa kama kodi.

Nidhamu hiyo haikuwa bure. Masultani walipoteza kauli juu ya fedha za nchi yao, na udhibiti ukawa wa Waingereza. Aidha, wachumaji wengi wa karafuu za Pemba walikuwa watumwa. Amri ya Aprili 6, 1897 ilipofuta hadhi ya utumwa kisheria, fidia ilielekezwa kwa mabwana, si kwa waliotumikishwa.

Mathews alifariki Zanzibar Oktoba 11, 1901 kwa malaria. Utaratibu aliousimamia unabaki somo kwa kila mwenye biashara: anayechanganya mfuko wake na wa kampuni hawezi kujua hasara inaingilia wapi. Lakini hesabu za Pemba zinafundisha la pili, kwamba kuziba mianya ni jambo moja, na kuamua nani anufaike na kilichookolewa ni jambo jingine.