Mwalimu wa Mayatima Arobaini

Majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili hapa Kakamega kuhusu lugha na fasihi. Mazungumzo yalipokwisha, mwenyeji wangu alinipitisha ghalani. Humo, nyuma ya madawati yaliyovunjika, niliona matarumbeta tisa na ngoma kubwa moja, vyote vimefunikwa na vumbi. Niliambiwa kuwa bendi ilikufa mwalimu wake alipostaafu, na kwamba bodi ya shule inafikiria kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nilinyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe nina deni. Miaka kadhaa iliyopita nilimshauri kijana mmoja aweke tarumbeta chini ashike vitabu, nikidhani ninamwokoa. Alinitii, na sijapata kusikia kwamba alilishika tena.

Tangu siku ile ya ghalani nimekuwa nikimkumbuka mtu ambaye wengi wetu hatumjui, ingawa jirani zetu wa Ethiopia waliimba utungo wake kwa zaidi ya miaka arobaini. Jina lake ni Kevork Nalbandian.

Nalbandian alizaliwa mwaka wa 1887 huko Aintab, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alikuwa Mwarmenia. Mwaka wa 1915 watawala wa dola ya Uthmaniya walianza kuwaangamiza Waarmenia, na inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja au zaidi walipoteza maisha. Maelfu ya watoto walibaki bila baba wala mama. Baadhi yao walipata hifadhi katika monasteri ya Waarmenia mjini Yerusalemu.

Mwaka wa 1924 Ras Tafari Makonnen, mrithi wa kiti cha enzi cha Ethiopia, alizuru Yerusalemu. Aliwaona vijana hao, akavutiwa nao na muziki wao, akaomba apewe arobaini. Mnamo Septemba mwaka huo waliwasili Addis Ababa, na wenyeji wakawaita Arba Lijoch, yaani watoto arobaini. Mwanaisimu hawezi kupita hapa bila kusema kuwa arba ya Kiamhari na arobaini yetu, tuliyoikopa kutoka Kiarabu, ni za ukoo mmoja. Aliyekabidhiwa kazi ya kuwaongoza ni Nalbandian.

Hebu tafakari, msomaji, uzito wa kazi hiyo. Wanafunzi wake walikuwa yatima waliokwisha kuona mauti kabla ya kubalehe. Nchi ilikuwa ngeni kwao na kwake, na lugha yake hawakuijua. Hata hivyo, bendi ya watoto hao ikawa bendi rasmi ya dola. Mwaka wa 1926 mwalimu alitunga muziki wa wimbo wa taifa, na maneno yakaandikwa na mshairi Yoftahe Negussie. Wimbo huo ulipigwa tarehe 2 Novemba 1930, Ras Tafari alipotawazwa na kuitwa Mfalme Haile Selassie wa Kwanza, na ulidumu hadi mwaka wa 1975, baada ya mapinduzi kumwondoa mfalme huyo. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone.

Bendi ya wale arobaini haikudumu miaka mingi. Vijana walikua, wakatawanyika. Lakini mwalimu alibaki Ethiopia akiendelea kufundisha muziki, na alifariki mwaka wa 1963. Alichopanda kilikuzwa na mpwa wake, Nerses Nalbandian, aliyezaliwa mwaka wa 1915 na kuhamia Addis Ababa mwishoni mwa miaka ya 1930. Nerses aliongoza bendi, akafundisha vijana, na akaongoza muziki katika jumba la michezo la Haile Selassie lililofunguliwa mwaka wa 1955. Alichukua nyimbo za Kiethiopia, zenye mizani za sauti kama tizita na bati, akazipangia saksafoni, matarumbeta na piano. Katika bendi za aina hiyo, pamoja na zile za polisi na za walinzi wa mfalme, kilikulia kizazi kilichoufanya mji wa Addis Ababa wa miaka ya 1960 uvume kwa jazi. Mulatu Astatke aliporejea kutoka masomoni Uingereza na Marekani akiwa na jazi yake ya Kiethiopia, alikuta wapigaji walioiva. Duke Ellington alipozuru mji huo mwaka wa 1973, alikuta muziki wenye sura yake wenyewe. Nerses aliaga dunia mwaka wa 1977.

Mimi ni mtu wa lugha, kwa hiyo nitasema kwa njia ninayoijua. Tarumbeta ni neno la kukopa. Kiswahili kililipokea, kikalitia katika ngeli, kikalipa kiambishi cha wingi, na leo hakuna anayeliona kuwa geni. Nerses aliifanyia ala yenyewe jambo lilo hilo. Nasi tuna isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa nini isukuti na matarumbeta visikutane katika uwanja wa shule zetu?

Mtaala wa umilisi umetenga mkondo wa sanaa na michezo katika shule za upili. Hilo ni jema, lakini mkondo bila mwalimu ni mto bila maji. Walimu wapo tukiwatafuta: wapo wastaafu wa bendi za polisi, jeshi na magereza, na wapo wapigaji wa Jeshi la Wokovu ambao husikika kila Jumapili katika vijiji vya Magharibi. Ethiopia ilimpokea mwalimu kutoka ng'ambo ya bahari. Sisi tunashindwa kumwita aliye ng'ambo ya barabara.

Nimemwandikia mkuu wa shule ile nikimsihi asiviuze vyombo hivyo kabla ya kutafuta mwalimu muhula mmoja mzima. Gharama ya kuvitengeneza nitachangia. Yule kijana niliyempotosha nimeanza kumtafuta pia, nimwombe radhi, na nimuulize kama vidole vyake bado vinakumbuka.