Ignace Gelb na Sheria ya Maandishi

Katika madarasa yetu ya isimu, herufi huchukuliwa kuwa vazi tu la lugha, nalo vazi halichunguzwi sana. Ignace Jay Gelb aliona kwamba vazi hilo linastahili taaluma yake lenyewe. Makala haya yanaangazia maisha ya msomi huyo, na hasa sheria moja aliyoitunga ambayo ilimpa sifa na pia ikamponza.

Gelb alizaliwa mwaka 1907 mjini Tarnów, uliokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria na ambao leo uko nchini Poland. Alihitimu shahada ya uzamifu jijini Roma mwaka 1929, na mwaka uo huo akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Huko ndiko alikofanyia kazi maisha yake yote yaliyosalia.

Kazi iliyomkuza ilikuwa kuzifumbua alama za picha zilizochongwa kwenye mawe ya Anatolia na kaskazini mwa Shamu. Siku hizo ziliitwa hiroglifu za Wahiti, ingawa leo lugha yake inajulikana kuwa Kiluvi. Gelb alizuru Uturuki kuyanakili maandishi hayo. Alihesabu alama, akalinganisha majina ya miji na ya wafalme, kisha akakisia silabi. Matokeo yake aliyachapisha katika vitabu vitatu kati ya 1931 na 1942. Mwaka 1946 kuligunduliwa Karatepe matini moja iliyoandikwa kwa lugha mbili, Kifinisia na Kiluvi. Baadhi ya usomaji wa watangulizi, Gelb akiwa mmoja wao, ulithibitika, na mwingine ukalazimika kurekebishwa. Aidha, alisimamia kwa miaka kadhaa uhariri wa kamusi kubwa ya Kiakadi iliyoanzishwa Chicago mwaka 1921, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1956.

Hata hivyo, jina lake limefungamana na kitabu cha 1952, A Study of Writing. Kabla yake, vitabu vya namna hii vilipanga maandishi kijiografia: Misri, Uchina, India. Gelb aliuliza swali jingine: je, alama inawakilisha nini? Neno zima, silabi, au sauti moja? Taaluma hiyo aliiita gramatolojia, neno ambalo Jacques Derrida alilichukua mwaka 1967 na kulielekeza katika falsafa, mbali kabisa na mawe ya Anatolia.

Kutokana na swali hilo alitunga sheria yake. Maandishi yote, alidai, huanza na alama za maneno, yakapitia silabi, ndipo yakafikia alfabeti. Hakuna hatua inayorukwa wala safari ya kurudi nyuma. Ushahidi mmoja aliupata Afrika. Mfalme Njoya wa Wabamum, nchini Kamerun, alianza mwishoni mwa karne ya 19 na mamia ya alama. Aliendelea kuzipunguza hadi kufikia mwaka 1910 zikabaki takriban 80, nyingi zikiwa za silabi.

Tatizo lilikuwa Wafinisia. Wao waliandika konsonanti na kuacha irabu, kama Waarabu na Waebrania waliowafuata. Hii si silabi, wala si alfabeti kamili. Ili sheria isivunjike, Gelb aliamua kwamba kila herufi yao ni silabi: konsonanti pamoja na irabu yoyote. Kwa hivyo Wayunani ndio waliokuwa wa kwanza kuunda alfabeti.

Sisi tunaosoma hati za tendi tunaweza kuipima hoja hii. Katika hati za kale herufi moja, ba, huweza kusomwa b, p au mb, na alama tatu za irabu hubeba irabu zetu tano. Msomaji hujaza kinachokosekana kwa kuijua lugha na mizani. Kwa maoni yangu, kuiita ba hiyo silabi hakutueleweshi lolote kuhusu namna mshairi wa Pate au Lamu alivyoandika. Ni sheria inayookolewa, wala si hati inayoelezwa.

Sheria hiyo ilimponza zaidi kuhusu Wamaya wa Amerika ya Kati. Gelb alishikilia kwamba alama zao hazikuwa maandishi ya sauti, na akachukulia kule kutosomeka kwake kuwa ndiko ithibati. Mwaka ule ule wa 1952, Yuri Knorozov wa Muungano wa Sovieti alichapisha makala iliyoonyesha kwamba alama hizo zilikuwa na silabi. Ilichukua miongo kadhaa wataalamu kumkubali, lakini leo sehemu kubwa ya maandishi ya Wamaya inasomeka.

Gelb hakuacha kufanya kazi. Mwaka 1980, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alitoa uchanganuzi wa maelfu ya majina ya Kiamori uliofanywa kwa msaada wa kompyuta. Alifariki jijini Chicago mwezi Desemba 1985.

Miaka mitano baadaye Peter T. Daniels, aliyekuwa amesomea Chicago, aliitenga aina ya maandishi ambayo Gelb alikuwa ameilazimisha kuwa silabi. Jina alilolipa aina hiyo ya konsonanti halikuwa geni kwa mtoto yeyote wa Mombasa aliyepitia chuoni: abjadi. Maandishi ya Uhabeshi na ya India aliyaita abugida. Lakini swali alilouliza lilikuwa lile lile la Gelb: alama inawakilisha nini?