Henry Mancini, mtunzi aliyewapa mwendo watoto wa tembo wa Tanganyika

Neno hatari halihitaji mkalimani Busisi wala Mwanza mjini. Hollywood walilichukua lilivyo, wakaliongezea alama ya mshangao, na mwaka 1962 ikatoka Hatari!, filamu ya John Wayne iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika. Muziki wake ni wa Henry Mancini.

Jamaa alizaliwa Aprili 16, 1924, Cleveland, Marekani. Baba yake, mhamiaji kutoka Italia, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Ndiye aliyemfundisha filimbi, maana hakutaka mwanawe naye aishie kiwandani. Baada ya vita Mancini akapiga piano katika bendi ya Glenn Miller, na mwaka 1952 akaajiriwa studio za Universal.

Mwaka 1958 wakampunguza kazini. Mke anaye, watoto watatu wanasubiri kula. Akarudi pale pale studio kunyoa nywele tu, na kwenye kinyozi akakutana na mwongozaji Blake Edwards, aliyekuwa anatafuta mtu wa muziki wa tamthilia yake ya televisheni, Peter Gunn. Albamu ya tamthilia hiyo ikachukua Grammy ya kwanza kabisa ya albamu bora ya mwaka.

Kwenye Hatari!, mwongozaji Howard Hawks alimletea ala kutoka Afrika: malimba ya kupigwa kwa vidole gumba, vibuyu vya kutikisa na nyinginezo. Zikapigwa na wanamuziki wa huko huko Hollywood. Lakini kulikuwa na kipande kimoja, Elsa Martinelli akiwapeleka watoto watatu wa tembo kuoga, ambacho Hawks hakujua kama akiache au akikate. Mancini akakitazama, akakitungia Baby Elephant Walk, klarineti ikichezacheza juu ya besi nzito. Kipande kikabaki. Leo wapo wanaoujua wimbo huo bila kuwahi kuiona filamu yenyewe, na kusema kweli wimbo umeizidi filamu.

Baadaye ikaja The Pink Panther, na kwa jumla akachukua Oscar 4 na Grammy 20.

Saratani ya kongosho ilimuua Juni 14, 1994, Los Angeles, akiwa na miaka 70. Alikuwa bado anaandika nyimbo za Victor/Victoria ya jukwaani, tena na Edwards yule yule wa kwa kinyozi. Ilifunguliwa Broadway mwaka uliofuata, bila yeye.