Hugh Cairns, Tabibu Aliyevitetea Vichwa vya Wapanda Pikipiki

Bodaboda ikianguka Migori au Homa Bay, kama ianguka­vyo Likoni, watu hutikisa vichwa wakasema ajali haina kinga. Marehemu Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, hakulikanusha neno hilo. Ila alithibitisha kwamba ajali ikikosa kinga, fuvu la kichwa linayo.

Cairns alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Port Pirie, Australia. Alisoma udaktari Adelaide, akavuka bahari hadi Oxford, kisha Boston, Marekani, akawa mwanafunzi wa bingwa Harvey Cushing. Mwaka 1937 alifanywa profesa wa upasuaji, Oxford.

Mei 13, 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, alianguka na pikipiki akiwakwepa wavulana wawili wa baiskeli. Cairns alikuwa miongoni mwa matabibu walioitwa. Siku sita Lawrence alilala asijitambue, akafariki Mei 19. Kichwani hakuwa na helmeti.

Msiba ule haukumtoka Cairns moyoni. Mwaka 1941 alitoa hesabu yake: katika miezi 21 ya mwanzo ya Vita Vikuu vya Pili, wapanda pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa katika barabara za Uingereza, wengi kwa majeraha ya kichwa. Majeruhi wa kichwa aliowaona wamevaa helmeti walikuwa saba tu, na hakufa hata mmoja. Novemba mwaka huohuo jeshi likawaamuru matarishi wake wa pikipiki wazivae. Cairns alifariki mwaka 1952. Sheria ya raia ikaja 1973, naye yu kaburini.

Kenya nayo ina sheria tangu 2012: dereva na abiria wavae. Basi abiria wa Rongo kwenda Homa Bay asione haya kuidai helmeti yake. Na aliyeanguka akainuka, akasema yu mzima, asiachwe peke yake, kwani damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Kichwa kikizidi kumuuma, akatapika, akasinzia ovyo, au mboni ya jicho moja ikapanuka kuliko ya pili, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Kungoja asubuhi ni kumngojea maiti.