Albert Schweitzer, Mwalimu Aliyerudi Darasani

Albert Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 katika mji mdogo wa Kaysersberg, katika nchi ya Alsace. Siku zile nchi hiyo ilikuwa chini ya Wadachi. Leo ni sehemu ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, naye alianza kumfundisha mwanawe kupiga kinanda tangu utoto.

Kijana huyo alikuwa na bidii kubwa. Katika Chuo Kikuu cha Strasbourg alijifunza falsafa na elimu ya dini, na mwaka 1899 akapewa cheo cha daktari wa falsafa. Cheo hicho si cha kutibu wagonjwa, bali hupewa mtu aliyezama sana katika elimu. Baadaye akawa mhubiri, na mwalimu wa chuo kikuu, na mkuu wa chuo cha wanafunzi wa dini. Tena alikuwa fundi wa kinanda kikubwa cha kanisani, akaandika kitabu juu ya Bach, mtunzi mashuhuri wa muziki. Kabla hajafikisha miaka 31, jina lake lilikuwa limekwisha kuenea.

Lakini moyoni mwake palikuwa na neno ambalo watu hawakulijua. Alipokuwa na miaka 21 alitafakari jinsi alivyopewa afya, elimu na wazazi wema, hali wengi wamekosa hayo yote. Akaona si haki kuyapokea bure. Basi akakata shauri ya kwamba mpaka atimize miaka 30 atashika elimu na muziki, na tangu hapo atawatumikia watu kwa mikono yake. Mwaka 1904 alisoma katika gazeti la misheni moja ya Paris habari za Gaboni, koloni ya Wafaransa katika Afrika, kwamba watenda kazi huko ni haba. Akaazimu kwenda, tena kwenda kama mganga, apate kutenda kuliko kusema.

Tarehe 13 Oktoba 1905 aliwapelekea jamaa na rafiki zake barua za kuwaarifu. Wengi walimlaumu, wakidhani anatupa bure akili na sifa zake. Wengine walimshauri awasaidie Waafrika kwa kutoa hotuba tu. Yeye hakugeuka.

Hapo taabu ikaanza. Sheria ya chuo haikumruhusu mwalimu kuwa mwanafunzi papo hapo, hata ikabidi serikali itoe ruhusa maalum ya kumtahini. Basi yule aliyezoea kusimama mbele ya darasa akakaa benchini pamoja na vijana, akaanza kujifunza mambo ya mifupa, mishipa na dawa. Hata hivyo hakuacha kuhubiri wala kupiga kinanda, na usingizi wake ulikuwa mchache. Uchovu ukamlemea. Mtihani mmoja ulipokaribia, vijana wenzake walimsihi ajiunge nao katika kurudia masomo. Mwanzoni hakutaka, kisha akakubali, akafaulu. Ada ya mtihani wa mwisho aliipata kwa kupiga kinanda katika sherehe ya muziki. Desemba 1911 alimaliza mtihani huo, akiwa na umri wa miaka 36.

Mwaka 1912 alimwoa Helene Bresslau, ambaye naye alikuwa amejifunza uuguzi. Wakuu wa misheni waliyashuku mawazo yake juu ya dini, wakamkubali kwa ahadi kwamba atatibu tu, asihubiri. Fedha za dawa na vyombo alizikusanya mwenyewe.

Tarehe 16 Aprili 1913 walifika Lambaréné, kando ya mto Ogooué. Nyumba ya kutibia haikuwapo, basi wagonjwa wakatibiwa katika banda la kuku lililosafishwa. Watu walikuja kwa mitumbwi kutoka mbali, wenye homa, ukoma, malale, vidonda na ngiri. Joseph, Mwafrika aliyekuwa mpishi, alifasiri lugha na kusaidia katika kutibu. Katika miezi tisa ya kwanza walitibiwa wagonjwa karibu 2,000.

Vita ya mwaka 1914 iliharibu kazi hiyo. Schweitzer na mkewe, kwa kuwa walikuwa raia wa Ujerumani, waliwekwa chini ya ulinzi, na mwaka 1917 wakapelekwa Ufaransa kama wafungwa. Aliporudi Lambaréné mwaka 1924, aliikuta hospitali imekuwa magofu. Akajenga upya, kisha mwaka 1927 akaihamishia mahali palipo pana zaidi.

Alipewa Nishani ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1952, na fedha zake akazitumia kwa kijiji cha wenye ukoma. Wako waliomlaumu, kwa haki, kwa kuwa aliwahesabu Waafrika kama wadogo zake, si kama watu sawa naye. Lakini hakuwaacha wagonjwa wake. Alikufa huko Lambaréné tarehe 4 Septemba 1965, mwenye miaka 90, akazikwa papo hapo.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Schweitzer alikuwa na vyeo vya kutosha, naye hakuona haya kuinama na kuwa mwanafunzi tena. Kama angeona haya, wale waliofika kwa mitumbwi wasingalimkuta mganga.