Enoch Sontonga, mwalimu wa kwaya aliyeyasimamisha majeshi

Sherehe ya kitaifa ikifanyika Uwanja wa Gombani, Chake Chake, watu wa Wesha hawana safari ndefu. Bendi ya askari ikianza Wimbo wa Taifa, uwanja mzima kimya. Lakini sauti ile haikutungwa kwa tarumbeta. Ilitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule, Enoch Sontonga.

Alizaliwa Uitenhage, Afrika Kusini, mnamo 1873. Alisomea ualimu Lovedale, akapelekwa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Huko akafundisha kwaya, na pembeni akawa mpiga picha. Nyimbo zake aliziandika kwa do-re-mi tu. Alifariki 18 Aprili 1905, miaka thelathini na ushei, hajawa mtu maarufu.

Baada ya hapo wimbo ukatembea wenyewe. Mwaka 1912 ulifunga mkutano ulioizaa ANC. Tanganyika iliuchukua 1961, Zambia ikachukua sauti yake 1964. Wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, waliokuwa na kambi hadi Kongwa hapa Tanzania, nao walikuwa wakiuimba.

Kazi ngumu ilikuja 1994. Jeshi la makaburu lilikuwa na wimbo wake, Die Stem. Sasa waliokuwa wakiwindana porini wamevaa sare moja, na bendi inapiga nyimbo zote mbili, moja baada ya nyingine. Ndefu mno! Wengine wakataka Die Stem itupwe kabisa. Mandela akakataa.

Wataalamu wakakaa kuzikata na kuziunga. Hapo ndipo palipo na utamu: wimbo wa Sontonga unakwenda taratibu, kikanisa, ule mwingine ni wa kutembea kwa gwaride. Basi mseto huo unaanza kwenye G, katikati unapanda hadi D. Sikiliza vizuri, utalisikia lile ruko. Ukawa rasmi 1997, chini ya dakika mbili.

Na Sontonga mwenyewe? Kwa miaka mingi kaburi lake halikujulikana lilipo. Wakalitafuta sana kwa jina la ukoo. Kumbe kwenye daftari la makaburi ya Braamfontein alikuwa ameandikwa Enoch tu. Septemba 1996 Mandela akaenda kuweka jiwe la kumbukumbu.