Stanley Rous, Mwalimu Aliyeshika Filimbi

Katika viwanja vya Nyakato na Musoma, na katika vile vya Bunda na Butiama, mpira wa miguu huchezwa kwa sheria 17. Mtoto azijuaye sheria hizo akivuka Ziwa Victoria na kufika Uganda, au akipanda meli na kwenda nchi za ng'ambo, hana haja ya kujifunza mchezo upya, maana sheria ni zile zile. Mtu aliyezipanga katika mafungu hayo 17 alikuwa mwalimu wa shule, jina lake Stanley Rous. Habari za maisha yake zafaa kujulikana kwa sababu mbili. Kwanza, alifanya kazi kubwa kuwafundisha watu kumheshimu mwamuzi. Pili, siku moja yeye mwenyewe aliwekwa mbele ya waamuzi, akashindwa.

Zamani mpira haukuwa na mwamuzi. Sheria za kwanza za Chama cha Mpira cha Uingereza, zilizoandikwa London mwaka wa 1863, zilikuwa 13, wala hapakuwa na hata moja iliyomtaja mwamuzi. Watu wa siku zile walidhani kwamba wachezaji wataelewana wenyewe kwa wenyewe. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Kila upande uliona haki yake na kosa la wenzake, na mabishano yakawa mengi. Basi kila upande ukaweka msimamizi wake. Wasimamizi hao nao walipokosa kupatana, akachaguliwa mtu wa tatu akae nje ya mstari, aulizwe neno pale wawili waliposhindwa kukata shauri. Mwaka wa 1891 huyo wa tatu aliingizwa ndani ya uwanja na kupewa mamlaka yote, na wale wawili wakawa washika bendera wa kumsaidia. Huyo ndiye mwamuzi, au refa kama wengi wamwitavyo.

Stanley Rous alizaliwa tarehe 25 Aprili, 1895, katika kijiji cha Mutford, mashariki ya Uingereza. Alisoma katika mji wa Beccles ulio karibu na kwao, akaanza kujifunza kazi ya ualimu. Alikuwa kijana mrefu, naye alipenda kucheza mpira akiwa mlinda mlango. Vita Kuu ya 1914 ilipoanza aliingia katika jeshi la mizinga, akapigana Ufaransa, kisha akapelekwa Misri na Palestina. Vita vilipokwisha alikwenda chuo cha ualimu katika mji wa Exeter, na mwaka wa 1921 akawa mwalimu katika shule ya wavulana ya Watford.

Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimeumia, na mlinda mlango mwenye mkono mbovu hana kazi. Wengi wakipatwa na jambo kama hilo huuacha mchezo kabisa, wakakaa pembeni na kulalamika. Rous hakufanya hivyo. Alisoma sheria za mpira kama alivyosoma vitabu vya shule, akafanya mtihani, akashika filimbi. Alianza na michezo midogo, akapanda polepole. Tarehe 13 Machi, 1927, alichezesha kwa mara ya kwanza mchezo wa mataifa, Ubelgiji na Uholanzi, katika mji wa Antwerp. Baada ya huo alichezesha michezo mingine ya mataifa, hata ikazidi 30.

Katika kazi hiyo aliona shida moja. Uwanja ni mkubwa, na mwamuzi ana macho mawili tu. Akikimbia huko na huko bila mpango, mara nyingi atakuwa mbali na mpira wakati kosa linapotendeka, na mtu akikata shauri asiloliona, wachezaji hawawezi kumwamini. Rous akatengeneza mpango. Mwamuzi akimbie kwa mshazari, toka pembe moja ya uwanja kuelekea pembe ya upande wa pili. Na kila mshika bendera asimamie nusu moja ya uwanja, katika mstari ule ambao mwamuzi yu mbali nao. Hivyo mpira huwa daima kati ya mwamuzi na msaidizi wake, na tendo moja huonwa kutoka pande mbili. Mpango huo ulienea duniani pote, na hata leo waamuzi wa Tanzania hufundishwa kukimbia hivyo. Hapo twaona kwamba Rous hakudai heshima kwa ajili ya filimbi peke yake. Alijua kwamba mwamuzi naye hana budi kufanya bidii ili astahili kuaminiwa.

Tarehe 28 Aprili, 1934, alipewa mchezo mkubwa kuliko yote ya Uingereza, fainali ya Kombe la Chama cha Mpira, katika uwanja wa Wembley, London. Walishindana Manchester City na Portsmouth, mbele ya watu zaidi ya 93,000. Portsmouth walitangulia kufunga. Baadaye mchezaji wao mmoja wa nyuma aliumia, akatolewa nje. Siku zile sheria haikuruhusu kuingiza mchezaji wa akiba, na Portsmouth wakabaki 10. Wakati yule mtu yuko nje Manchester City wakasawazisha, kisha mchezo ulipokaribia kwisha wakafunga tena. Filimbi ya mwisho ilipolia, mlinda mlango wa Manchester City, Frank Swift, kijana wa miaka 20, alizimia kwa furaha na uchovu. Portsmouth walikuwa na sababu ya kuhuzunika, maana walipungukiwa na mtu saa ile walipofungwa. Lakini sheria ilikuwa moja kwa pande zote, nayo matokeo yakabaki 2 kwa 1.

Mwaka ule ule Rous aliacha filimbi na ualimu, akawa Katibu wa Chama cha Mpira cha Uingereza. Alipofungua kitabu cha sheria aliona kwamba kimejaa viraka. Kila mwaka neno lilikuwa limeongezwa hapa na jingine pale, hata mtu wa kawaida hakuweza kuelewa. Akakaa kama mwalimu anayesahihisha daftari, akazipanga upya sheria zote kwa utaratibu, zikawa 17. Zilikubaliwa mwaka wa 1938. Mwaka wa 1997 ziliandikwa tena kwa maneno machache zaidi, lakini hesabu yake haikubadilika.

Sheria ya tano ndiyo inayomhusu mwamuzi. Husema kwamba shauri lake juu ya mambo yanayotokea katika mchezo ni la mwisho. Mwamuzi akitambua kwamba amekosea, aweza kujisahihisha mwenyewe kabla ya mchezo kuanza tena. Lakini ukiisha kuanza, shauri limekwisha. Huenda mtu akaona neno hili kuwa kali, kwa kuwa mwamuzi ni mwanadamu na hukosa. Ni kweli hukosa. Lakini kama kila shauri lingeweza kubishaniwa, mchezo wa dakika 90 usingekwisha hata usiku, na mwisho wake ungekuwa ngumi. Hata sasa, ambapo katika mashindano makubwa picha za video hutazamwa tena, kama ilivyofanyika katika Kombe la Dunia la 2018, neno la mwisho ni la mwamuzi aliye uwanjani.

Wakati wa Vita vya pili Rous aliongoza michezo iliyokusanya fedha kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Mwaka wa 1946 alisaidia kuvirudisha vyama vya Uingereza katika Shirikisho la Mpira la Dunia, yaani FIFA, na mwaka ule ule mafunzo ya walimu wa mpira yakawekwa chini ya mkuu maalum. Alisaidia pia kutayarisha Michezo ya Olimpiki ya London ya 1948, na mwaka wa 1949 Mfalme alimpa cheo cha Sir. Mwaka wa 1961 akachaguliwa kuwa Rais wa FIFA.

Katika urais wake jambo moja la aibu lilitokea ambalo lilizaa faida. Tarehe 23 Julai, 1966, Uingereza na Argentina walishindana Wembley katika Kombe la Dunia. Mwamuzi, Rudolf Kreitlein wa Ujerumani, alimtoa nje Antonio Rattín, mkuu wa timu ya Argentina. Rattín hakujua Kijerumani, na mwamuzi hakujua Kihispania. Rattín akakataa kutoka, na mchezo ukasimama dakika nyingi mbele ya dunia nzima. Msimamizi wa waamuzi siku hizo alikuwa Ken Aston, naye pia mwalimu wa shule. Baadaye, akiwa katika gari lake, alitazama taa za barabarani zinazogeuka rangi, akapata wazo: kadi ya manjano iwe onyo, na kadi nyekundu iwe amri ya kutoka. Kadi hizo zilitumiwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico, mwaka wa 1970, na katika mashindano yale hakuna hata mmoja aliyetolewa nje. Mara nyingi watu hushindwa kutii kwa sababu hawakuelewa. Na amri iliyo wazi hupunguza ugomvi.

Lakini Rous alipokuwa mwamuzi wa nchi na nchi, hakuona vema kama alivyoona uwanjani. Wakati ule mpira wa Afrika ulikuwa umekua. Katika Afrika ya Mashariki, Kenya na Uganda zilikuwa zikishindania Kombe la Gossage tangu mwaka wa 1926, na Tanganyika iliingia mwaka wa 1945. Nchi nyingi zilizopata uhuru zilijiunga na FIFA, na Tanzania iliingia mwaka wa 1964. Hata hivyo, kwa Kombe la Dunia la 1966 Afrika nzima haikupewa nafasi yake yenyewe. Bingwa wa Afrika angepaswa kushindana tena na bingwa wa Asia na Oceania ili mmoja tu apate kwenda Uingereza.

Tena kulikuwa na shauri la Afrika ya Kusini. Serikali ya huko iliwatenga watu kwa rangi zao, hata weupe na weusi wasicheze pamoja. FIFA ilikuwa imekisimamisha chama cha nchi hiyo mwaka wa 1961. Mwaka wa 1963 Rous alikwenda kukitazama, akarudi na shauri kwamba kifunguliwe, nacho kikafunguliwa. Aliona kwamba siasa haina kazi katika mpira. Hakutambua kwamba mchezo unaomkataza mtu kuingia uwanjani kwa rangi ya ngozi yake umekwisha kuvunjwa kabla ya filimbi ya kwanza kulia.

Waafrika hawakunyamaza, wala hawakufanya fujo. Viongozi kama Ohene Djan wa Ghana na Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia waliandika barua, wakasimama katika mikutano, wakatoa hoja. Mwaka wa 1964, katika mkutano wa Tokyo, wajumbe walikisimamisha tena chama cha Afrika ya Kusini. Na kwa ajili ya ile nafasi ya Kombe la Dunia, nchi za Afrika zilijitoa katika mashindano ya 1966. Kujitoa kulikuwa hasara kwa wachezaji wao, ambao wengine hawakupata tena nafasi kama hiyo maishani. Lakini hasara hiyo ilileta haki. Kwa mashindano ya 1970 Afrika ilipewa nafasi moja kamili, na Morocco ikaenda Mexico.

Tarehe 11 Juni, 1974, wajumbe wa FIFA walikutana Frankfurt kumchagua rais. Rous alikuwa na miaka 79. Aliyeshindana naye alikuwa João Havelange wa Brazil, aliyezunguka nchi za Afrika na kuahidi kuzipa nafasi zaidi. Kura zilipohesabiwa, Havelange alipata 68 na Rous 52. Kura za Waafrika zilikuwa na uzito mkubwa katika hesabu hiyo. Rous akaondoka katika kiti alichokikalia miaka 13, akapewa heshima ya kuitwa Rais wa Heshima. Alifariki tarehe 18 Julai, 1986, akiwa na miaka 91.

Maisha yake yana mafunzo mawili, na moja halitoshi bila la pili. La kwanza ni la mchezaji. Mwamuzi akipiga filimbi, mchezaji husimama. Akiona ameonewa, hamzungui mwamuzi wala hamtukani. Humwachia mkuu wa timu yake, na baada ya mchezo wakubwa wake hupeleka malalamiko yao mahali panapostahili, kama walivyofanya wale viongozi wa Afrika. La pili ni la mwenye filimbi. Anayetaka kutiiwa na wote hana budi kuwaona wote sawa, maana haki ikipungua, heshima nayo hupungua. Wazee wamesema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo huwapasa wachezaji, na huwapasa pia wakubwa wanaowaamua.

Maswali

1. Kwa nini wasimamizi wawili wa zamani walishindwa kuamua mchezo?
2. Eleza mpango wa Rous wa kukimbia kwa mshazari. Uchore uwanja, uonyeshe njia ya mwamuzi na mahali pa washika bendera.
3. Kwa nini shauri la mwamuzi huwa la mwisho, ingawa mwamuzi ni mwanadamu?
4. Nchi za Afrika zilidaije haki yao, nazo zilipata hasara gani na faida gani?